Picha za Kuvizia

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba mwaka 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mvua ilikatika ghafla juu ya soko la Nyabugogo, na jua likatokea upande wa Magharibi likamulika madimbwi na mabati yaliyolowa. Rwema, mpiga picha wa miaka thelathini na sita, alikuwa amejibanza nyuma ya magunia ya viazi akimvizia mchukuzi mmoja aitwaye Nizeyimana. Mchukuzi hakujua kwamba anatazamwa. Alitua mzigo, akajifuta jasho, akaugeuza uso kwenye mwanga, na kabla uso huo haujajikumbuka, Rwema akabonyeza.

Picha ilikuwa njema kupita kiasi. Lenzi aliyoitumia ilikuwa ya kale, ya miaka ya sabini, yenye tundu pana linalokunywa mwanga. Ikifunguliwa yote, huacha kitu kimoja tu kikali, chembamba kama karata, na vingine vyote huyeyuka. Jicho la kushoto la Nizeyimana lilionekana kope kwa kope, ilhali sikio lake lilikuwa tayari ni ukungu. Rwema aliikuza picha kwenye kioo cha kamera. Ndani ya mboni palikuwa na kile ambacho huwamo katika mboni yoyote: kipande cha anga, na kivuli cha mpiga picha mwenyewe, viwiko vimeinuliwa. Nyuma ya kivuli hicho alisimama mwanamke aliyejitanda kitambaa kutoka utosini.

Rwema aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa ghala, nao ulikuwa karibu na mgongo wake kiasi kwamba hata paka asingepenya.

Lenzi hiyo aliipata mwezi uliotangulia kwa Usumani, fundi cherehani wa Biryogo, ambaye marehemu baba yake, mzao wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani, alikuwa na studio mtaani hapo.

"Mzee alikuwa na masharti yake," Usumani alimwambia siku ile, pini zikiwa midomoni. "Hampigi mtu mpaka amwambie. Hata mtoto mchanga anamwambia: mwanangu, nakupiga picha, umesikia?"

"Mimi nikimwambia mtu, uso inavaa nguo," Rwema akajibu huku akicheka. "Nataka uso ambayo haijavaa."

"Basi wewe ni mwizi wa mchana."

"Wa mchana, ndiyo. Usiku mwanga iko kidogo."

Kiswahili cha Rwema kilikuwa cha sokoni. Ngeli zake zilikuwa mbili au tatu, na sauti za r na l, ambazo lugha yake ya mama haizitenganishi, zilibadilishana nafasi mdomoni mwake bila yeye kusikia. Mkewe Uwase, aliyelelewa Bukoba, hakukosa kumcheka kila alipoagiza "wari na maharage".

Wiki moja baada ya picha ile, Rwema alirudi Nyabugogo, na Nizeyimana ndiye aliyemfuata.

"Boss, wewe unajua watu wakubwa. Nisaidie daktari mzuri. Jicho imekufa."

"Jicho gani?"

"Hii ya kushoto. Ile Jumanne ya mvua nililala nayo nzima, asubuhi iko kama maziwa. Hospitali walimulika tochi, wakasema hawajui."

Mtu mwingine angeiweka lenzi chini siku hiyo. Rwema aliamua kuijaribu. Alikwenda Gikondo, akasimama ng'ambo ya gereji, akamvizia fundi aliyeinama juu ya injini, na safari hii alichagua kwa makusudi jicho la kulia. Alipopita tena siku ya tatu, fundi yule alikuwa akitafuta spana kwa kupapasa, kitambaa kimefungwa juu ya jicho la kulia. Rwema alimpa pole, akaondoka, akaendelea na kazi. Jumba moja la sanaa lilikuwa limemwahidi ukuta mzima mwezi Desemba, na nyuso zile zilikuwa bora kuliko chochote alichowahi kupiga. Jambo pekee alilolibadilisha ni kwamba tangu hapo aliwavizia watu asioweza kukutana nao tena: abiria wa mabasi ya mikoani, wapitaji, ombaomba. Na katika kila mboni mwanamke yule alikuwa amesogea. Kitambaa kilishuka kikaonyesha paji la uso lenye pambo la dhahabu, kisha mikono iliyopakwa hina hadi viwikoni, na hatimaye akawa bega kwa bega na kivuli cha Rwema, kama watu wawili wanaosubiri kupigwa picha ya harusi.

Nyumbani kwao Kinyinya, Uwase aliona mambo kwa namna yake.

"Papa Kaze, mwanamke wako anafukiza udi," alisema asubuhi moja, akinusa koti la mumewe. "Na ni udi mzuri. Siyo huu wa dukani."

"Mwanamke gani, Mama Kaze? Mimi niko na kamera tu."

"Basi kamera yako imeolewa."

Alikuwa akitania, lakini utani haukudumu. Kuanzia wiki hiyo harufu ya udi ilianza kutangulia nyumbani kabla Rwema hajafika. Kabati alimofungia kamera lilitoa sauti ndogo, krii, krii, sauti ya pete ya lenzi inayozungushwa polepole na mtu asiye na haraka, nayo ilikoma kila Uwase aliposhika kitasa. Kisha Kaze, binti yao wa miaka sita, aliacha kula mezani akamwuliza baba yake kwa Kinyarwanda kwa nini mama yule anayekaa nyuma yake hapewi kiti.

Rwema alitoa kamera kabatini na kuiwasha, na humo akakuta picha tatu ambazo hakuzipiga. Zote zilikuwa za Kaze akinywa uji kwenye meza hiyo hiyo, kwa mwanga wa asubuhi, lenzi imefunguliwa yote. Katika ya kwanza, kilichokuwa kikali ni ukingo wa kikombe, na mtoto alikuwa ukungu nyuma yake. Katika ya pili ni vidole vilivyoshika kikombe. Katika ya tatu ni ncha ya pua, na vinyweleo vyake vilionekana kimoja kimoja. Yeyote aliyeshika lenzi ile alikuwa akijifunza kuilenga, na kutoka ncha ya pua ya mtoto wa miaka sita hadi jicho lake ni sentimita tatu tu.

Uwase alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nani amepiga hizi?"

"Sijui."

"Unajua."

Akamweleza kwa sauti ya chini, kuanzia Nyabugogo. Uwase alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Wale wengine wote, ulijua, ukanyamaza?"

"Hawakuwa wetu," Rwema akasema.

Uwase alichukua mchi jikoni akaipiga lenzi. Kioo hakikupasuka, lakini Kaze, aliyekuwa chumba cha pili, alipiga yowe akashika macho yake yote mawili, naye Uwase akaangusha mchi na hakuuinua tena.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri walikwenda Biryogo wote watatu, kamera ikiwa imeviringwa kwenye kanga. Usumani aliwapeleka kwa dada yake mkubwa, Bi Leila, aliyekulia Tanga kwa shangazi zake na kurudi na elimu ya kutoa majini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliwapokea kwa kumlaumu ndugu yake.

"Umemuuzia mtu lenzi ya baba bila kuniuliza? Haya." Akamgeukia Rwema. "Baba alikuwa akimwambia mtu kwanza. Mtu aliyeambiwa hujikusanya ndani ya macho yake, haachi nafasi ya mgeni. Wewe umempelekea jini aliyemo humu nyuso zisizo na mlinzi. Sasa anataka kukaa. Lenzi ni yako, kwa hiyo wewe ndiye utakayemwambia: sina mahali pako. Mara tatu, basi. Nisikie."

"Sina mahari yako."

"Hasha! Mahali. Ulimi juu. Mahali pako."

Uwase alimwinamia mumewe sikioni, wakalirudia neno pale kibarazani kama watoto wa chekechea, hata Usumani akacheka. Mwishowe Rwema akalitoa lilivyo: mahali, mahali pako. Bi Leila akatikisa kichwa.

"Kiswahili chako kimekuja na lori la mchanga, lakini kimefika. Huyu ni wa pwani, mwanangu, na neno hulipokea kama lilivyosemwa. Usikosee ndani."

Ndani ya chumba dirisha lilikuwa moja, pazia limeshushwa nusu. Bi Leila aliiweka kamera kwenye kigoda, akawasha chetezo, akasoma kwa muda mrefu, na Uwase akaketi mkekani na Kaze mapajani. Mara moshi wa chetezo ukaacha kupanda, ukajikunja, ukaelekea kwenye kioo cha lenzi na kuingia humo kama maji yanavyoingia shimoni. Na ule udi mwingine, ule wa nyumbani Kinyinya, mzito na mtamu kama kitu kilichoanza kuoza, ukajaa chumbani mpaka macho yakawachoma, na pete ya lenzi ikaanza kuzunguka yenyewe mbele yao wote, krii, krii, ikitafuta, ikipita magotini mwa Rwema, ikipita kifuani mwake, na Rwema, ambaye hakuwahi hata siku moja kukaa upande huo wa lenzi, akahisi uso wake ukitazamwa kabla ya yeye kuukusanya, na hofu ikamrudisha katika ulimi aliozaliwa nao.

"Sema!" Bi Leila alinong'ona.

"Sina mahari yako."

Bi Leila alishtuka. "Siyo hivyo, we!"

Rwema alidhani hakusikika, akapaza sauti. "Sina mahari yako!"

"Nyamaza!" Uwase alilia, na Bi Leila akaruka kumziba mdomo, lakini neno la tatu lilikwisha kupita kati ya vidole vyake.

Pete ikasimama. Bi Leila alikaa chini taratibu.

"Mahali ni pa kukaa," alisema. "Mahari ni ya kuolea. Umeulizwa kama ana pa kukaa, wewe umejibu kwamba hujamlipia. Mwanamume hadaiwi mahari ya mwanamke asiyemposa. Umekiri mara tatu, mbele ya mashahidi, kwamba ni mkeo."

Kicheko kikatoka mapajani mwa Uwase. Kaze alikuwa amenyoosha mgongo kama bibi harusi kitini, na alipofungua kinywa, mtoto huyu ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya salamu alisema kwa lafudhi ya kale ya pwani:

"Naam, nimeposwa, na nimeridhia. Macho yale ya sokoni yalikuwa zawadi za uchumba. Mahari yangu naitaja sasa. Nataka jicho moja la huyu mwanangu wa kambo, au yote mawili ya bwana harusi. Nami sijapandisha bei, nimestahi."

"Mpunguzie, bibi," Bi Leila alinong'ona. "Hakujua alichosema."

"Jua halijazama. Namngoja hadi hapo."

Kila mtu alimtazama Rwema, naye alitazama mikono yake. Aliufikiria ukuta wa Desemba. Alipoanza kusema alirudi kwenye Kinyarwanda, lugha ambayo hakukosea ndani yake hata herufi moja, na alilipanga shauri lake kwa utulivu. Macho yake ndiyo yaliyolipa kodi ya nyumba. Ndiyo yaliyolipa shule ya Kaze. Mtu mwenye jicho moja husoma, huolewa, huendesha hata gari. Nyumba yenye baba kipofu hufa njaa. Mawili kwa moja, alisema, hesabu iko wazi.

"Ni mwanao," Uwase alisema.

"Ndiyo maana nitaipiga mimi mwenyewe. Haitauma. Wewe mshike tu atazame dirishani."

Usumani alitoka nje. Rwema aliinua kamera kutoka kigodani, akafungua lenzi yote, akapima, akaona mwanga hautoshi. Hilo lilimkera, kama lilivyomkera maisha yake yote. Akairudisha kamera kigodani, akaenda dirishani, akashika pazia na kuliinua polepole, uso wake ukigeuka kidogo kidogo ndani ya jua la machweo, akitafuta kwa macho yaliyofinywa mahali ambapo mwanga ungekuwa laini zaidi kwa shavu la bintiye.

Uwase alimlaza mtoto mkekani. Enzi za uchumba wao Rwema alimfundisha kupiga picha kwa saa nyingi, ziwani Muhazi: zungusha pete hadi kope zitokee, shusha pumzi, bonyeza. Aliinua kamera. Hakumwita mumewe wala hakumwambia ajikusanye. Lile jicho lililo karibu lilitokea kwanza, kope kwa kope, zuri, lenye umakini. Akabonyeza. Akasogeza pete kiasi cha upana wa ukucha, hadi jicho la nyuma likajitenga na ukungu. Akabonyeza tena.

Rwema alisimama vile vile, mkono ukiwa juu, umeshika pazia.

"Nani ameshusha pazia?" aliuliza.

Mkekani, Kaze aliketi, akapikicha macho yake, yote meusi, yote mazima. "Mama, ndashonje," alisema kwa sauti yake mwenyewe. Uwase akaweka kamera chini, akambeba mtoto mwenye njaa, akatoka naye mlangoni bila kugeuka, na hatua zake zikasikika zikishuka barabarani.

"Mama Kaze," Rwema alisema, akiugeukia ukuta na kutabasamu kwa woga, "unanishika bega sana. Unaniumiza."

Bi Leila, aliyekuwa pembe ya pili ya chumba, aliokota kamera akavua miwani yake akaifuta. Alitazama picha ya kwanza. Alitazama ya pili. Katika mboni zote mbili hapakuwa na kivuli cha aliyepiga. Palikuwa na mwanamke mmoja tu, amekaa, kitambaa kimetolewa chote usoni.

"Bi Leila," Rwema aliita, sauti ikianza kupasuka. "Amechukua ngapi?"

Bi Leila alizima kamera.

"Mawili."