Programu Kwenye Kioo cha Saluni

Saluni ya Mama ilikuwa na viti viwili, feni moja iliyolia kama paka, na kioo kikubwa ukutani. Asubuhi ile kioo kilikuwa kimebandikwa karatasi. Mteja angedhani ni bei za misuko. Zilikuwa programu za kompyuta.

"Anza tena," Mama alisema. Mikono yake ilikuwa kichwani kwa mteja, macho yake kwenye karatasi ya kwanza. "Na safari hii usimung'unye maneno."

Binti yake alifumba macho. "Jumla ni sawa na sifuri. Rudia mara kumi. Soma alama. Jumla ni sawa na jumla ongeza alama..."

Nyumbani walimwita Kaseti. Tangu utotoni akisikia kitu mara moja, alikirudia chote bila kudondosha neno. Kwa kipaji hicho alipita shule ya msingi, akapita sekondari, akaingia chuo kikuu kusomea shahada ya teknolojia ya habari. Mama aliwatangazia wateja wote: "Kichwa cha huyu hakivuji."

Kisha Kaseti akaanguka somo la kuandika programu. Kwenye mtihani alikuwa ameandika programu aliyoikariri, nukta kwa nukta. Mhadhiri alimwandikia maneno machache: "Umejibu vizuri sana swali ambalo sikuuliza."

Sasa ulibaki mtihani mmoja wa marudio. Akianguka tena, chuo kingemwondoa kwenye shahada. Dawa ya Mama ilikuwa ileile, ila aliongeza kipimo.

"Ulikariri chache, wakakukwepa," alisema. "Kariri zote. Tuone watakukwepea wapi."

Kaseti aliendelea. Katikati ya karatasi ya pili ulimi ukateleza. Mama akagonga kitana kwenye mgongo wa kiti.

"Umeruka mstari!"

Mteja kitini akashtuka. Huyu alikuwa jirani yao, Mama Pacha. Kazi yake ilikuwa kuandika programu zinazotumika hospitalini. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umesukwa, wa pili nywele zimesimama kama ufagio.

"Mama Kaseti, huyu mtoto anasoma au anakula kiapo?"

"Anasoma. Nawe tulia, nisije nikakutoboa sikio."

Mama Pacha hakutulia. Alielekeza kidole kwenye kioo. "Mdogo wangu, mstari ule wa kwanza, jumla ni sawa na sifuri. Tukiufuta, nini kitatokea?"

Kaseti alifumbua macho. "Itakuwa makosa."

"Kwa nini?"

Feni ililia. Kaseti aliutafuta mstari kichwani. Ulikuwepo, safi kabisa. Jibu halikuwepo.

"Kwa sababu... ndivyo mhadhiri alivyoandika ubaoni."

Mama aliacha kusuka. Kaseti akaona uso wa mama yake kwenye kioo, katikati ya karatasi.

"Haya, ugonjwa tumeujua," alisema Mama Pacha. "Kumbukumbu yako ni mali. Natamani ningekuwa nayo, mimi ninayetafutiwa funguo na watoto. Lakini kompyuta haikuulizi unakumbuka nini. Inafanya unachoiambia, hata kikiwa upuuzi. Kwa hiyo ujue kila mstari unafanya kazi gani."

"Mtihani ni wiki ijayo," Mama alisema kwa ukali. "Huo ujuzi anaununua duka gani?"

"Anaupata hapahapa. Nipeni kalamu."

Mama Pacha alichora masanduku mawili nyuma ya karatasi. Moja akaliita jumla, la pili alama.

"Jifanye wewe ndiye kompyuta. Tembeza kidole mstari mmoja mmoja, uandike kila sanduku lina nini. Halafu badilisha kitu kimoja, kimoja tu. Sema kwanza unadhani kitatokea nini, ndipo ukijaribishe kwenye kompyuta. Na maandishi mekundu ya makosa yakitokea usiyakimbie. Yasome. Mara nyingi yanakuonyesha pa kuanzia kutafuta."

Kaseti aliona aibu. Maandishi mekundu yalipotokea, siku zote alifuta kila kitu na kuanza upya.

"Na mimi je?" Mama aliuliza. "Mimi ndiye ninayemsikiliza. Sijui hata herufi ya mambo hayo."

"Wewe muulize tu, kwa nini. Akikwama, arudi kwenye masanduku."

"Hilo naliweza," Mama alisema, akachukua kitana. "Nimezoea kumuuliza baba yake."

Karatasi zilibanduliwa kiooni siku hiyohiyo. Kaseti hakupata raha tena. Akiosha taulo, anaulizwa. Akifagia nywele sakafuni, anaulizwa.

"Kwa nini mara kumi?"

"Kwa sababu wanafunzi ni kumi."

"Na wakija saba?"

Kaseti akaenda kujaribu. Ilimchukua mchana kutwa. Kuna siku alikaa kwenye kiti cha wateja, akalia kwa uchovu.

"Lia," Mama alisema. "Ukimaliza uniambie kwa nini ile programu haikusimama."

Siku ya mtihani, maabara ya chuo ilikuwa kimya. Kaseti alisoma swali. Programu isome vipimo vya joto la friji ya dawa, kimoja baada ya kingine. Ikipewa 99, namba ya kuashiria mwisho tu, isimame. Mwishoni ioneshe joto la juu kabisa.

Hili hakuwahi kuliona.

Vidole vyake vikaanza kazi vyenyewe. Jumla ni sawa na sifuri. Rudia mara kumi... Alijikuta ameandika nusu ya programu ya alama. Akatoa mikono kwenye kibodi kama aliyeungua. Jumla ya nini? Kwa nini mara kumi?

Akafuta. Akachora masanduku mawili: joto, joto la juu.

Aliandika polepole. Wenzake walikuwa wakibonyeza kibodi kama mvua ya mawe. Alipoijaribu, maandishi mekundu yakajaa kwenye skrini. Mkono ukaenda kufuta. Akauzuia, akasoma. Mstari wa sita. Mabano hayakufungwa. Akayafunga.

Programu ikafanya kazi. Akaingiza 4, akaingiza 7, akaingiza 5, kisha 99 ili isimame. Jibu likaja: joto la juu kabisa ni 99.

Friji gani hiyo? Hilo ni jiko.

"Muda unakaribia kwisha," msimamizi alisema.

Akaweka kidole kwenye skrini. Nasoma 99. Naiweka kwenye sanduku la joto la juu. Kisha ndipo nauliza kama nisimame. Kwa nini kisha? Naweka kwanza, nauliza baadaye! Akauhamisha mstari wa swali juu. Akaingiza vipimo vilevile.

Saba.

Mhadhiri alikuwa amesimama nyuma yake. "Mstari huu umeuhamisha. Kwa nini?"

Kaseti akamweleza kwa maneno yake mwenyewe, kidole kikitembea toka sanduku hadi sanduku. Mhadhiri alisikiliza, akaandika kitu, akasogea kwa mwanafunzi mwingine.

Matokeo yalitoka Kaseti akiwa chuoni. Alirudi karibu anakimbia. Saluni ilikuwa imejaa. Mama Pacha alikuwa kitini akifumuliwa misuko, na kiooni palikuwa na karatasi moja tu, ya bei.

Mama alimwona mlangoni. Kitana kikabaki hewani.

"Haya, sema. Usinisimamishe moyo."

"Nimefaulu, Mama. Naendelea na mwaka wa pili."

Wateja wakapiga vigelegele. Mama Pacha alijaribu kugeuka, akarudishwa kichwa mbele. Mama alifuta macho kwa nyuma ya mkono, upesi, kama mtu aliyeingiwa na unywele. Kisha akamkazia binti yake uso.

"Kwa nini?" aliuliza.

Kaseti akavuta kiti, akacheka, akaanza kueleza.