Futi Shingoni mwa Mama Fundi

Mama Fundi alishonea nguo katika chumba cha mbele, na futi ya kupimia haikumtoka shingoni kutwa nzima. Alikula hapohapo, mguu kwenye pedeli ya cherehani, mkono mmoja kitambaani, mwingine sahanini. Nyumba nzima ilifuata mtindo huo. Kila mtu alichota chakula chake akaondoka nacho.

Binti yake wa miaka kumi na sita aliitwa Kibonge tangu mdogo. Kila Jumamosi mama alimzungushia futi kiunoni mbele ya wateja na kumtania: "Kibonge wangu, utanimalizia kitambaa." Wateja walicheka. Binti naye alicheka. Lakini si kila aonyeshaye meno ana furaha.

Mwaka huo kiuno kikaanza kupungua. Mama akasifu. Gauni moja alilipunguza mara tatu. Kwa mzazi, hapo ndipo pa kushtuka, lakini mama hakushtuka. Hakujua kuwa mtoto anashinda na njaa, kisha anajifungia stoo na sufuria la kiporo, anakula mpaka anaumwa, halafu anakwenda kujitapisha.

Jumamosi moja, akiwa amenyoosha mikono apimwe, alianguka. Pini zikatawanyika sakafuni. Mteja mmoja alikuwa muuguzi. Akawakimbiza kituo cha afya, na huko binti, baada ya kutibiwa, akayasema yote.

Mama aliona aibu. Akadai ni ukaidi tu, alishwe kwa nguvu.

"Dada, huu ni ugonjwa," muuguzi akasema. "Angevunjika mguu, ungemgombeza?"

Akaeleza kuwa binti atarudi kituoni kila wiki, aonwe na daktari na mshauri. Nyumbani liko zoezi la kusaidia matibabu hayo. Wakae wale pamoja, saa alizopanga daktari. Wapumue taratibu mara tatu. Wakiangalie chakula, wakinuse, watafune polepole, akili zao ziwe hapo mezani. Mwili wa mtu usisifiwe wala kuchekwa.

"Hofu ikinishika?" binti akauliza.

"Usipigane nayo, wala usiitii. Sema moyoni, hii ni hofu. Isikilize imekaa wapi, kifuani au tumboni. Kanyaga chini, pumua. Itapanda, kisha itashuka. Na mwambie mama."

"Mama atanipima."

Mama akapeleka mkono shingoni. Futi alikuwa nayo hadi kituoni. Akaivua, akaikunja, akaitia mkobani.

Siku za kwanza mama alikaa mezani mguu ukichezacheza, unatafuta pedeli. "Mama, cherehani imelala," binti akamwambia, na wote wawili wakatabasamu. Siku nyingine binti alilia mbele ya sahani. Mara mbili alirudia kujitapisha, lakini alisema mwenyewe. Mama hakugomba. Walikaa, wakapumua, wakangoja hofu ishuke, na asubuhi wakamweleza mshauri. Jina la Kibonge halikutajwa tena nyumbani humo.

Ilichukua miezi mingi. Ndipo siku moja binti akaja na lile gauni.

"Linanibana, mama. Nilegezee."

Mama alimtazama usoni. Hofu haikuwapo, au ilikuwapo na binti ameizidi. Akachukua wembe, akafumua mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Futi ilibaki kwenye droo ya meza.

"Vaa, mwanangu. Uniambie mwenyewe."

Binti akavaa, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Napumua, mama."