Nyekundu Haikuja

Picha ya mtoto ilifika Gungu ikiwa na midomo ya kijani.

Honorata alisogeza kiti. Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walikuwa wamejaa ufukweni Kagunga, naye aliiendesha kwa mbali kompyuta ya huko akiwa ofisini Gungu, mjini, ili kina mama wawatambue watoto waliopotezana nao. Lakini nyuso zilikuja na mabaka kama zimepakwa matope.

"Telesphory, umepunguza rangi?" alimuuliza mdogo wake kwenye simu. Yeye ndiye aliyekaa na mashine kule.

"Mtandao mzito, dada. Nimeacha rangi chache tu." Akacheka. "Si mmetuweka chini ya mwamba wa jini? Labda zilizobaki kachukua yeye."

"Acha utani. Kuna mama hapa hamtambui mwanawe."

Akafungua mipangilio, akapandisha rangi hatua moja. Buluu ikarudi ziwani nyuma ya mtoto, kijani kikarudi kwenye majani. Nyekundu haikuja. Kwenye simu zikasikika kucha zikikwaruza bati, na ofisi ikanuka dagaa waliooza.

"Dada, kitu kimenishika mguu."

Akadhani ni utani tena. Akapandisha rangi hadi mwisho.

Ndipo nyekundu ilipokuja, ikichuruzika kutoka ukingo wa juu wa kioo, ikajaza midomo ya mtoto, ikajaza mashavu, mama akapaza sauti, "Ndiye! Ndiye mwanangu Dunia!", na kadiri ilivyokolea ndivyo Telesphory alivyomlilia mama yao kwenye simu, mayo wee, mayo wee, huku mfupa ukivunjika kama kuni na kitu kikifyonza, kikipumua, kikifyonza tena, mpaka Honorata akazishusha rangi chini, chini kabisa, kioo kikabaki kijivu kitupu.

Kisha sauti dhaifu kwenye simu: "Nipo, dada."

Honorata alimpokea ufukweni Kibirizi boti ilipofika. Telesphory alichechemea, mguu umefungwa matambara, lakini alikuwa hai. Honorata alimkumbatia akilia, kisha akainama kutazama jeraha. Matambara yalikuwa yamelowa. Damu iliyodondoka mchangani ilikuwa ya kijivu, kama maji yaliyochanganywa na majivu.

Telesphory aliitazama midomo myekundu ya dada yake kwa muda mrefu. Akamshika mkono, taratibu, kisha kucha zake zikazama ndani ya nyama.

"Nipe kidogo tu, dada," akanong'ona.