Tiketi ya Dresden

Naapa kwa meno haya yaliyomo kinywani mwangu, ya juu na ya chini, kwamba kila neno mtakalosoma hapa lilitokea kama lilivyo. Najua sifa yangu ilivyo hapa Holešovice, mtaa wetu wa Prague wenye stesheni yake. Tangu nistaafu ukondakta wa treni, watu hawaachi kuniuliza kama kweli niliwahi kumkatia tiketi nguruwe mwitu aliyepandia Kolín. Ni kweli, tena nilimkatia ya mtoto. Lakini hii ya Dorota na Radim sijaitia hata chumvi. Nimemwambia Jarmila, mhudumu wa baa inayotazamana na stesheni, ambaye ndiye ananiletea bia ninapoandika: ukikuta humu uongo wa ukubwa wa kichwa cha sindano, bia ya baa nzima juu yangu. Jarmila alikwenda stoo kuhakikisha mapipa yanatosha.

Dorota hutengeneza meno bandia katika zahanati iliyo nyuma ya stesheni. Haya yangu ni kazi ya mikono yake, na ndiyo maana naijua habari yote. Mtu aliyekaa kwenye kile kiti, kajazwa mdomoni lile donge la kuchukulia vipimo, hawezi kumkatiza mwenzake maneno. Basi Dorota husimulia.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, stesheni kuu ya Vienna, na treni ya kwenda Prague na mbele hadi Ujerumani ilikuwa imefurika watu mpaka milangoni. Dorota alikuwa anarudi nyumbani kutoka kwenye semina ya mafundi meno. Alivaa koti la rangi ya haradali lililombana kiunoni na skafu ya kijani, nywele kazifunga juu kama mtu asiyetaka mchezo. Mkononi alikuwa na boksi la mataya ya plasta. Tiketi alikuwa nayo, kiti hakuwa nacho. Treni ilipoondoka kwa kishindo, boksi likamponyoka, mataya yakatawanyika chini ya viti.

Kijana mmoja aliyekaa dirishani akainama, akaibuka na taya moja mkononi.

"Dada, kuna babu kaacha kicheko chake chini ya kiti changu."

"Nirudishie. Babu mwenyewe anakihitaji Jumatatu."

Huyo ndiye Radim, fundi wa vioo vya madirisha ya maduka huko Vienna, mzaliwa wa Prague, alikuwa anakwenda kumwona dada yake aliyejifungua. Mrefu, sweta limechakaa viwikoni, macho ya mtu anayejua jambo usilolijua. Akampisha Dorota kiti, akasimama yeye, na katika mazungumzo akamuuliza tiketi kaikata lini. Dorota akasema leo, dirishani. Radim akakunja uso kama mtu aliyekanyagwa.

"Leo? Dirishani?"

"Kwani tiketi hukatwa wapi, kanisani?"

Basi Radim akaanza somo. Alimweleza kuwa treni ya kuvuka mpaka si viazi vya sokoni. Treni ni ileile, kiti ni kilekile, lakini ukiuliza bei kwa shirika la reli la nchi hii unaambiwa hivi, ukiuliza kwa jirani wa ng'ambo unaambiwa vingine. Anayekata tiketi majani yakiwa mabichi husafiri wakati wa theluji kwa bei ya chakula cha mchana. Tena mara nyingine inafaa safari ikatwe vipande viwili, kimoja hadi Břeclav mpakani, kingine kutoka hapo. Alisema hayo yote kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri za jeshi.

"Na iko mbinu moja zaidi," akasema, "lakini hiyo simwambii mtu. Hata mama yangu haijui."

Mimi naijua, na nitawaambia sasa hivi msije mkateseka kama Dorota. Kuna nyakati tiketi ya mbali ni rahisi kuliko ya karibu. Mashirika yanagombania abiria wa kutoka Vienna kwenda Ujerumani, basi yanashusha bei. Wa Prague wataenda tu, hawabembelezwi. Kwa hiyo mjanja hukata tiketi ya Dresden, kule Ujerumani, akifika Prague anashuka zake. Sisi makondakta tuliwaona wakishuka, tukatazama dari.

Walipofika Prague, Dorota alikuwa amecheka mpaka nywele zimefunguka. Wiki mbili baadaye Radim alirudi, na safari hiyo hakuwa na habari na dada yake. Ikawa desturi, kila baada ya wiki mbili, Ijumaa jioni, jukwaa la Holešovice, koti la haradali linasubiri. Radim, kwa ubahili wake, alikata tiketi za miezi yote iliyokuwa wazi kwa mpigo, zile za bei ya chini zisizorudishwa wala kubadilishwa.

"Kwa hiyo mapenzi yetu yamekatiwa tiketi mpaka mwezi wa kumi na moja," Dorota alimwambia kwenye simu.

"Mpaka tarehe ishirini na kitu, jino langu la dhahabu. Mbele ya hapo bado hawajafungua."

"Na tukigombana mwezi wa tisa?"

"Haiwezekani. Hawarudishi hela."

"Bahili wangu wewe. Siku ukinipenda kwa bei kamili utaniambia?"

"Siku hiyo utaijua mwenyewe."

Dorota alicheka, lakini neno hilo akalala nalo. Maana mliomjua Dorota zamani mnajua, na msiojua nawaambia: mwanamume aliyetangulia aliondoka siku moja kwenda Ujerumani kwa kazi ya majira ya joto, akaahidi kurudi, na majira ya joto hayo hayajaisha mpaka leo. Radim naye, kwa unyoofu wake, alishamwambia kuwa zamani aliishi Dresden na mwanamke mmoja muuza maua, Heike.

Sasa, Jumapili moja ya vuli, Dorota yuko jikoni anakata vipande vya unga uliochemshwa vya kulia mchuzi, Radim yuko bafuni anaimba vibaya. Simu ya Radim mezani ikawaka. Ujumbe kutoka shirika la reli, ule wanaotuma kwa kila mtu: Safari yako ya Vienna kwenda Dresden ilikuwaje? Tafadhali tupe nyota.

Radim alipotoka na taulo shingoni alimkuta kasimama na simu mkononi.

"Dresden," akasema Dorota.

Radim akaona hapana budi kuitoa ile siri ambayo hata mama yake haijui. Akaeleza mbali na karibu, akaeleza ushindani wa mashirika. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mimi ninavyosikika nikieleza habari za nguruwe.

"Unaniambia kwenda mbali ni rahisi kuliko kwenda karibu," Dorota akasema taratibu.

"Ndiyo, mpenzi."

"Kwa treni ileile."

"Ndiyo."

"Radim, nimezaliwa leo asubuhi?" Akaweka simu mezani, kifudifudi. "Kila Ijumaa unakata tiketi ya kwenda kwa Heike. Halafu njiani unaamua ushukie wapi. Mimi ni kituo cha njiani. Siku moja utapitiliza tu."

Akampa Radim koti lake, akamfungulia mlango. Chakula kikapoa.

Usiku huo Dorota, kwa kutaka haki, aliingia mtandaoni akatafuta bei za kesho yake. Vienna hadi Prague, bei hii. Vienna hadi Dresden, zaidi, tena zaidi sana. Basi akalia vizuri, maana sasa ana ushahidi. Radim alipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Dorota aliiacha ilie ndani ya droo, katikati ya meno ya watu. Baada ya wiki simu ikanyamaza.

Hapo ndipo nilipoketi mimi kwenye kile kiti. Nina donge mdomoni, siwezi hata kumeza, na Dorota kanishika kidevu huku macho yamevimba, ananisimulia yote. Mwisho akauliza, "Mzee Bedřich, wewe umekula chumvi nyingi kwenye treni. Inawezekana mbali kuwa rahisi kuliko karibu?"

Nilitikisa kichwa kwa kukubali, akaniambia nitulie donge halijakauka. Nikanguruma, akasema anajua inauma. Alipolitoa nikasema kabla hata ya kusukutua, "Ni kweli, binti. Kijana hajakudanganya."

Kwa mara ya kwanza wiki ile Dorota akacheka.

"Mzee, wewe si ndiye wa nguruwe?"

Niliumia, sitawaficha. Maisha yangu yote nimesema uongo ukapokewa kwa bia, na siku hiyo moja nimesema kweli, nimepewa kikombe cha kusukutulia. Nikamwambia basi asiniamini mimi. "Lakini usiangalie bei za kesho. Treni ya kesho inajua una haraka. Angalia za mwezi wa pili."

Hakuangalia mbele yangu. Aliangalia nyumbani, amekaa kitandani na koti mwilini. Prague, bei hii. Dresden, karibu nusu yake. Akaangalia Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata, vilevile. Kuomba radhi kwa simu aliona ni dharau, baada ya kuifungia simu kwenye droo wiki nzima. Lakini jambo moja alilijua kwa hakika: Ijumaa ya wiki ile ndiyo ya tiketi ya mwisho aliyokwisha kuilipia Radim, na bahili hawezi kuacha tiketi iende bure. Atakuwa ndani ya treni ile.

Radim alikuwamo kweli. Ila alikuwa amekata shauri lake. Prague hakuna anayemtaka; basi safari hii, alijiambia, hii tiketi nayo iseme kweli. Atakwenda mpaka Dresden, atakula soseji stesheni, atarudi. Treni ilipoingia Holešovice hakuinuka.

Ndipo nilipoingia mimi, Bedřich, kwenye safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Namwona kijana kaegemeza paji la uso kwenye kioo. Namwona binti jukwaani, koti la haradali, anapita dirisha kwa dirisha. Nikatia filimbi mfukoni. Nikachukua kipaza sauti, nikatangaza kwa Kicheki, kwa Kijerumani, na kwa heshima ya Wahungari waliokuwamo, kwa Kihungari: abiria aliye dirishani, jino lako linakusubiri nje. Dereva wa treni akateremka huku anafuta machozi. Wastaafu wa Berlin wakaimba kwa sauti nne. Radim akaruka nje kupitia dirishani, akapiga goti kwenye theluji, na treni ya kimataifa ikasimama palepale, nimeizuia mimi kwa mkono huu, mpaka Dorota alipokubali kuolewa.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikamsomea Jarmila kwa sauti tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho huku anafuta glasi.

"Mzee," akasema, "sherehe yako ya kustaafu tuliifanya mwezi gani?"

Nikasema sikumbuki vizuri.

"Wa tano," ikasema sauti nyuma yangu. "Na nilianza kukupima meno wa kumi. Kondakta gani huyo wa mwezi wa kumi na moja asiye na meno ya kupulizia filimbi?"

Sikuhitaji kugeuka. Koti la haradali nililiona kwenye kioo cha kaunta, na Radim pembeni yake kashika skafu. Walikuwa wamekuja kula jibini ya kukaanga, wakasimama kimya nyuma yangu tangu kwenye nguruwe.

Baa nzima ikataka kujua ilikuwaje. Dorota akavuta kiti.

"Hakuna aliyetangaza kitu. Nilimwona kwenye kioo cha dirisha la treni. Naye aliniona, akainamisha kichwa."

"Nilidhani kaniletea mswaki wangu," akasema Radim.

"Milango ikaanza kulia inafungwa. Nikapanda. Nikakaa pembeni yake. Akaja kondakta, dada mmoja asiyecheka, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia sijui, anakokwenda huyu. Akanitajia nauli ya ndani ya treni, bei kamili na nyongeza." Dorota akamtazama Radim. "Huyu akatoa pochi akalipa. Hakuuliza kama kuna bei nyingine. Hakuuliza hata kama ingekuwa nafuu nishukie mpakani. Hapo nikaomba radhi."

"Na goti?" akauliza Jarmila.

"Hakuna goti. Tulipovuka mpaka, pale mto unapopita karibu na reli, nilimuuliza mimi. Nikamwambia tuoane."

"Nikasema ndiyo," Radim akadakia. "Halafu nikasema tukiweka nafasi ya ukumbi sasa hivi kwa ajili ya mwezi wa pili, ni nusu bei."

"Nikampiga kwa skafu."

Nilijitetea kwamba angalau pale kwenye kiti nilisema kweli. Dorota akakubali, akasema kweli ikitoka kinywani mwangu haiaminiki, ndiyo maana nusura amkose mume. Watu walikuwa tayari wamesogeza glasi zao kaunta. Nikamsogelea Jarmila taratibu, nikamuuliza kama hakuna bei ya wastaafu, au kama ningeagiza leo zinywewe mwezi wa pili.

"Bei kamili, mzee."

Nikatoa pochi. Ilikuwa Ijumaa jioni, na mlango ukafunguka: treni ya Vienna ndiyo kwanza ilikuwa imeshusha watu, wote wana kiu.