Keki Iliyobonyea

Kila asubuhi Dada alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya baba yake. Vile vizuri alimwekea mdogo wake, waliyemwita Kifungo tangu alipomeza kifungo cha koti la mteja na kuwatoa watu wazima jasho. Siku hiyo, mkesha wa Krismasi, Kifungo alikuwa amevitunga kwenye uzi na kuvitundika sebuleni, kama mama yao alivyozoea kufanya.

Mama alifariki mvua zilipoanza. Hii ilikuwa Krismasi ya kwanza bila yeye, na nyumba ilikuwa na ukiwa hata cherehani ilipokuwa ikilia.

"Mwanangu, utaiweza keki ya mama yako?" baba aliuliza.

"Nitaiweza, baba. Si nilikuwa namsaidia?"

Baba alikwenda mwenyewe kununua mayai na siagi. Dada alikoroga mpaka mkono ukafa ganzi, akamimina mchanganyiko kwenye sufuria, akaweka makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Mama alikuwa na sharti moja: ukishafunika, usifunue mpaka keki iive.

Halafu harufu ikaanza kutoka, ya siagi na maganda ya limau. Ndivyo mama alivyonukia kila Krismasi. Dada akafunua kidogo, akavuta pumzi, akafunika. Akafunua tena. Alifunua mara nyingi huku machozi yakimtiririka, na kila mara aliona kama mama amesimama nyuma yake.

Keki ilipotolewa, ilikuwa imebonyea katikati kama kofia iliyokaliwa.

"Nani alifunua?" baba aliuliza kwa sauti kavu. Alikuwa ameingoja keki ile kuliko watoto.

"Kifungo." Jina lilimponyoka Dada kabla hajafikiri.

"Wewe Kifungo! Mikono yako haitulii hata siku moja?" baba alifoka.

Mtoto alimtazama dada yake. Kisha akapanda juu ya kiti na kuanza kushusha mapambo yake.

"Unafanya nini?" Dada alimnong'oneza.

"Nimeharibu Krismasi," Kifungo alijibu. "Labda nilifunua, nikasahau."

Dada alishindwa kuvumilia. "Si yeye, baba! Ni mimi. Nilikuwa nanusa. Inanukia kama mama."

Baba aliketi, akafunika uso kwa mikono, mabega yakamtetemeka. Hata siku ya mazishi hawakumwona akilia. Baadaye alimpakata Kifungo.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekukaripia bila kukuuliza."

Akamgeukia Dada. "Kumlilia mama yako si kosa. Hata mimi namlilia. Ungeniambia, tungefunua na kunusa sote watatu, keki ibonyee tu. Lakini umemtwika mdogo wako kosa lako, naye anakuamini mpaka akajiona mkosaji. Siku nyingine ukikosea, sema ni wewe, hata kama unaogopa."

"Nisamehe, Kifungo," Dada alisema huku akilia.

Walitundika mapambo upya. Kifungo alisimamisha mshumaa kwenye lile shimo la keki, nao ukasimama vizuri bila kushikiliwa.

Katikati keki ilikuwa nzito na mbichi kidogo. Baba alikata kipande cha kwanza, akakisogeza puani, akafumba macho kwa muda mrefu. Kisha akawapitishia watoto wake, nao wakanusa kabla ya kula.