Faulo ya Tano ya Fundi Friji

"Simu zote ndani ya sufuria! Na wewe Fundi, usijifanye hujasikia."

Fundi Friji alisikia vizuri sana. Aliichomoa simu mfukoni kama mtu anayeng'olewa jino, akailaza juu ya simu za rafiki zake, Dereva na Mwalimu. Refa akaifunika sufuria, kisha akaiweka katikati ya meza.

"Wiki ya mwisho hakuna kunong'onezwa," Refa alisema. "Kila mtu atachagua watano wake hapa hapa, kwa kinywa chake, na atuambie kwa nini. Dirisha la kuchagua linafungwa saa kumi kamili."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi na tano.

Refa alikuwa amestaafu kupuliza filimbi viwanjani, lakini filimbi yenyewe haikustaafu. Ilining'inia kifuani pake mchana kutwa, hata akienda dukani. Yeye ndiye aliyeianzisha ligi ya fantasi ya marafiki: kila mmoja anachagua wachezaji watano wa mpira wa kikapu, wale wa kweli wanaocheza kweli, na wakifunga huko kwao, wewe huku unavuna pointi. Kwa wiki ishirini na moja, timu ya Fundi ilikuwa juu kabisa. Refa alikuwa wa pili, pointi nne nyuma, na roho ilikuwa inamuuma kwa raha.

"Kijana mwenye jicho kama hili," alimwambia mkewe siku Fundi alipoleta habari za posa, "hawezi kunitunzia binti vibaya."

Tatizo ni kwamba jicho halikuwa la Fundi. Fundi alijua gesi, alijua mashine ya friji inayokohoa na inayotaka kufa. Kikapu alichokijua yeye ni cha nguo chafu. Mwenye jicho alikuwa Nesi, binti wa Refa, mchumba wake. Nesi aliomba kuingia kwenye ligi, baba yake akacheka: "Hii si wodi, mwanangu. Hapa hatuoneani huruma." Basi kila wiki Nesi alichagua, Fundi akabonyeza. Ulianza kama utani wa wapendanao. Halafu Refa akaanza kumsifu Fundi mbele za watu, na utani ukaota pembe.

Nyuma ya mlango wa sebule palikuwa na kalenda. Hapo Refa aliwahesabia wachumba faulo kwa kalamu nyekundu. Tano, unatoka. Mchumba wa kwanza alitolewa kwa uongo mmoja tu wa cheti cha shule, mbele ya wajomba zake, filimbi ikilia. Fundi alikwisha kuwa na nne: kuchelewa, kukanyaga zulia na viatu, kumkatiza mzee maneno, na ile ya nne, kumwita "Baba" mapema.

"Baba ni wa aliyekwisha kukubaliwa," Refa alimwambia siku hiyo akichora mstari. "Wewe niite Mzee."

Sasa Dereva akataja watano wake, Mwalimu akataja wake na mahesabu yake yote. Refa akataja wake, wa kwanza akiwa yule mrefu ambaye wote walimwita Mnara.

"Mnara haniangushi," alisema. "Haya, kiongozi wa ligi. Tupe darasa."

Fundi alikuwa amekariri. Asubuhi Nesi alimtumia majina matano kabla ya kuingia kazini, naye aliyaimba njia nzima kama mtoto anayetumwa chumvi.

"Wa kwanza... Mnara pia, Mzee."

*Vrrr.*

Sufuria ilitetemeka. Simu ilikuwa inagonga bati.

"Ya nani hiyo?" Mwalimu aliuliza.

"Inatetemeka kama fundi mwenyewe," Dereva akasema, akacheka peke yake.

*Vrrr. Vrrr.*

Jasho lilimtoka Fundi mgongoni likashuka bila haraka. Aliujua mtetemo wa simu yake, na aliijua saa: Nesi alikuwa kwenye mapumziko ya chai. Kulikuwa na jambo. Majina aliyokariri hayakuwa salama tena, na ukweli ulikuwa umelala ndani ya sufuria, hatua moja kutoka mkononi mwake.

"Ni mteja," alisema. "Friji yake inavuja."

Alipomaliza tu kuusema uongo huo, macho yakamkimbilia kwenye kalenda. Hiyo ilikuwa ya tano. Hakuna aliyeijua ila yeye.

"Avumilie," Refa alisema. "Endelea. Kwa nini Mnara?"

"Kwa sababu... ni mrefu."

Mwalimu alivua miwani.

"Mrefu," Refa alirudia taratibu. "Wiki ishirini na moja unatuchapa, na sababu ni kwamba mtu ni mrefu?"

*Vrrr. Vrrr. Vrrr.*

"Fungueni hiyo sufuria!" Dereva alisema. "Mteja gani analilia friji kama msiba?"

Mkono wa Refa ulikwenda kwenye mfuniko. Mkono wake mwingine ulishika filimbi. Akilini Fundi alimwona yule mchumba wa kwanza akitoka mlango ule ule na wajomba zake. Akamwona Nesi amesimama kwenye korido. Akasimama.

"Mzee, usifungue. Nitasema mwenyewe."

"Sema."

"Si mteja. Nimekudanganya sasa hivi, na nimekudanganya tangu wiki ya kwanza. Mimi sijui mpira. Timu si yangu."

"Ya nani?"

"Ya binti yako."

Hata saa ilionekana kusita. Refa alifunua sufuria. Simu ilikuwa inaita, na kwenye kioo paliandikwa KOCHA WANGU. Akaibonyeza, akaweka sauti kubwa.

"Mpenzi, mbona hujibu?" Sauti ya Nesi ilijaa sebuleni. "Nimekutumia ujumbe sita! Mtoe Mnara, mazoezini leo alikuwa anachechemea. Mweke Kiroboto, yule wa benchi. Mnara asipokuwepo, mipira yote inayogonga ubao anaiokota yeye. Na usimuige Baba! Baba anamng'ang'ania Mnara kila mwaka kama shati la harusi yake, halimtoshi lakini havui."

Dereva alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Shati langu la harusi linanitosha," Refa alisema.

Upande wa pili kikombe kiliwekwa chini.

"Baba?"

"Ndiyo."

"Baba... yeye hana kosa. Ni mimi niliyemwomba. Uliponikatalia—"

"Rudi kwa wagonjwa wako. Tutaongea."

Akakata. Akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akachukua kalamu nyekundu. Akapuliza filimbi. Fundi alifumba macho.

"Faulo ya tano," Refa alisema.

"Ya nani?"

Alikuwa mkewe, amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. Kumbe alikuwa hapo muda mrefu.

"Ya kwake! Kanidanganya wiki ishirini na mbili!"

"Kakudanganya, ndiyo. Halafu kasema mwenyewe sufuria ikiwa bado imefunikwa. Yule wa kwanza alisema baada ya kukamatwa. Na uongo huu ulizaliwa na nani, mume wangu? Nani alimfungia mtoto mlango akamlazimisha kupita dirishani? Wewe si refa? Faulo anapigiwa aliyeanza."

Refa alisimama na kalamu hewani. Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Mwishowe akachora mstari mmoja mwekundu, pembeni kabisa, mbali na ile minne ya Fundi. Juu yake akaandika: *Mimi*.

"Mwandikeni Kiroboto kwenye timu ya binti yangu," alinguruma. "Mimi nabaki na Mnara."

Jumapili, Mnara alicheza dakika sita akabebwa nje. Kiroboto aliokota kila kitu. Nesi alichukua ubingwa kwa pointi thelathini na moja. Jioni hiyo Fundi alikaa kwake akiitazama simu kama bomu. Saa moja usiku ikaita.

"Fundi."

"Naam, Mzee."

"Hujui mpira kabisa."

"Kabisa, Mzee."

"Ila friji yangu uliyoitengeneza inagandisha." Alikohoa. "Jumamosi uje na wazee wako. Saa nne. Ukichelewa, unajua una ngapi."

"Nitafika saa tatu, Baba."

Lilimponyoka. Fundi aliganda, akaisogeza simu mbali na sikio, akisubiri filimbi.

Filimbi haikulia.

"Saa tatu ni mapema mno," Refa alisema. "Mama yako huku atakuwa bado anafagia. Njoo saa tatu na nusu."