Nguzo Sita za Mto Nzoia

Mwaka ule miwa ilikuwa kila mahali. Hata nyuma ya choo cha Mzee Lazarus palikuwa na miwa. Ilipouzwa, watu walinunua mabati na kuwaoza mabinti zao.

Jumamosi hiyo Jescah, binti ya Lazarus, alikuwa anaolewa. Bwana harusi, Onesmus, angevuka mto kwa mtumbwi na jamaa zake.

Saa nne Jescah alisikia kelele. Alikimbia mtoni, shela mkononi. Mtumbwi ulikuwa umekwama mchangani, katikati ya mto. Onesmus alikuwa amening'iniza viatu shingoni.

"Jescah! Usiolewe na mwingine, nakuja!"

"Basi harakisha! Mchungaji ana harusi nyingine Lurambi saa saba!"

Were, mpiga kasia, alilalamika. "Ile miti myeupe iko wapi? Sioni njia!"

Patroba alikuwa mmoja wa wageni waliosimama ukingoni. Yeye ni mfanyakazi wa baraza la wilaya, na hutunza kivuko hicho.

"Niliisimamisha mwenyewe," alisema. "Kila mvua zikiisha, baraza hututuma. Tunapima kina, tunatoa magogo, tunazoa mchanga. Kisha tunaweka miti sita kuonyesha maji ya kutosha yako wapi. Nani ameing'oa?"

Jescah aligeuka kutazama kibanda ambacho baba yake aliwajengea wageni wapate kivuli. Nguzo sita, ncha nyeupe! Akamtazama baba yake. Lazarus alikuwa anachunguza viatu vyake vipya.

"Baba!"

"Nilidhani imesahauliwa, mama. Miti yangu yote nilikata nipande miwa."

"Ng'oa!" alisema Zilpah, mama yake Jescah. "Wageni watakaa juani."

Jescah alishika nguzo ya kwanza, akiwa ndani ya gauni lake jeupe. Kibanda kilishuka kwa vicheko. Patroba na Lazarus waliingia mtumbwi mdogo, wakapima maji, wakasimamisha miti tena. Jamaa za Onesmus walisukuma mtumbwi wao, Were akafuata miti mpaka upande wa kina Jescah.

"Mti ukianguka au mchanga ukizidi, mwambie diwani," Patroba alimwambia Lazarus. "Yeye atatuletea habari barazani. Na miwa yako isifike ukingoni. Acha nyasi zishike udongo, usimomonyokee mtoni."

Saa sita na nusu Jescah na Onesmus walikuwa mbele ya mchungaji. Wageni walikula obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kienyeji, juani, majani ya ndizi vichwani, wakiimba.

Sasa nyasi zimeota ukingoni mwa shamba la Lazarus. Jescah akivuka na mtoto wake kuja kusalimia, baba yake husimama hapo akihesabu miti mtoni.

"Sita!" hupaza sauti. "Yote iko, mama. Pita!"